Ganda Ndilo Shahidi

Bastola inapokwama, mtu wa kwanza kulaumiwa ni aliyeishika. Ataambiwa amelegeza kiganja, ataambiwa haisafishi, ataambiwa amependa risasi za bei poa. Wanaomwambia hivyo mara nyingi hawajaigusa silaha yenyewe, wala hawajainama kuokota ganda lililoanguka miguuni pake. Hukumu inatoka kabla kesi haijasikilizwa. Wazee walikwisha kulisema hili kwa njia yao: akutwaye na ngozi ndiye mwizi. Kwenye uwanja wa shabaha, mwenye ngozi ni yule aliyevuta kifyatulio mwisho.

Nimekuwa nikiitafakari hitilafu moja ndogo ya bastola za nusu otomatiki: ganda tupu kugoma kutoka kwenye chemba baada ya risasi kupigwa. Si hitilafu ya kutangazwa. Haina kishindo wala moshi wa ajabu. Slaidi inasimama nusu ya safari, na mkono unabaki umeshika kipande cha chuma kisichofanya kazi. Lakini ukiifuatilia hadi mwisho, inafundisha jambo kuhusu lawama: inavyopenda kumwangukia aliye karibu, na inavyopaswa kupanda ngazi mpaka imfikie mwenyewe.

Tuchukue bastola inayojulikana kuliko nyingi, Colt M1911 ya Marekani, iliyobuniwa na John Moses Browning. Ukivuta kifyatulio, nyundo inaipiga pini, pini inaigonga fataki iliyo kwenye kitako cha risasi, baruti inawaka, kichwa cha risasi kinaondoka. Huo ndio upande unaosifiwa. Kinachofuata hakina msifiaji. Mtutu na slaidi vinarudi nyuma vikiwa vimeshikana kwa mwendo mfupi, hadi shinikizo lishuke. Kisha mtutu unainama kwa nyuma, unaachana na slaidi, na slaidi inaendelea peke yake. Inapokwenda nyuma inaondoka na ganda tupu, kwa sababu ina kulabu iliyouma ukingo wa kitako cha ganda hilo. Likifika nyuma, ganda linagonga kijiti cha chuma kilichokaa imara kwenye fremu, linapinduka, linarushwa nje. Springi inaisukuma slaidi mbele, slaidi inachota risasi mpya kutoka magazini na kuifungia chemba. Yote hayo hutimia kabla hujapepesa jicho.

Kulabu hiyo ndiyo kiini cha habari yetu. Katika M1911 ni fimbo nyembamba ya chuma cha springi, urefu wake karibu sawa na kidole cha mwisho cha mkono, iliyochomekwa kwenye tundu refu ndani ya slaidi. Mbele ina jino. Nyuma imezuiwa na kibamba kidogo ambacho pia huizuia pini isitoke. Haina springi ya kando. Yenyewe ndiyo springi. Imepindwa kidogo sana, na upinde huo ndio unaolibana ganda. Ukipungua, ganda linaponyoka. Ukizidi, risasi mpya inashindwa kupanda na kuingia chini ya jino, na bastola inakwama kwa namna nyingine. Kati ya kupungua na kuzidi kuna nafasi ambayo jicho haliioni. Hujulikana kwa kujaribu.

Browning alizaliwa mwaka 1855 huko Ogden, Utah, akakulia katika karakana ya baba yake aliyekuwa fundi bunduki. Machi 1911 jeshi la Marekani liliijaribu bastola yake kwa risasi 6,000 katika muda wa siku mbili. Ilipopata moto kupita kiasi ilitumbukizwa majini ipoe, kazi ikaendelea. Haikukwama hata mara moja; bastola iliyoshindana nayo, Savage, ilikwama mara 37. Tarehe 29 ya mwezi huohuo M1911 ikapokewa rasmi, ikabaki bastola ya kawaida ya jeshi hilo mpaka mwaka 1985. Kwa hiyo bastola ya namna hii ikikwama leo, hatuwezi kukimbilia kusema imebuniwa vibaya. Mchoro ulikwisha kujitetea. Kasoro imeingia mahali fulani kati ya karatasi ya Browning na kiganja cha mpigaji, na njia hiyo ni ndefu, imepita mikono mingi.

Kuitafuta huanza na kitendo kisichohusu hitilafu yenyewe: kuhakikisha hakuna risasi ndani. Magazini inatoka kwanza, kisha slaidi inavutwa nyuma na kushikiliwa, kisha chemba inatazamwa kwa jicho na kupapaswa kwa ncha ya kidole. Mpangilio huu haugeuzwi. Ukivuta slaidi kabla ya kutoa magazini, umetoa risasi moja na kuingiza nyingine, nawe unaamini silaha ni tupu. Na kwa bastola yenye ugonjwa huu tahadhari ni kubwa zaidi, maana kulabu iliyoshindwa kutoa ganda tupu inaweza vilevile kushindwa kutoa risasi nzima. Utavuta slaidi, hakitatoka kitu, utajiambia hakuna kitu. Ndiyo maana fundi hategemei mlio wa slaidi. Anategemea kidole.

Baada ya hapo, kifuniko cha springi kilicho chini ya mdomo wa mtutu kinabonyezwa kwa dole gumba, bushi inazungushwa robo mzunguko, na springi inaachiwa taratibu huku imezibwa kwa kiganja; la sivyo itaruka na kwenda kutafutwa chini ya kabati. Slaidi inarudishwa nyuma mpaka kipengo chake kilingane na komeo, komeo linasukumwa kutoka kulia na kuchomolewa kushoto, slaidi inateleza mbele na kuachana na fremu. Mtutu unatoka. Pini inabonyezwa ndani kwa ncha nyembamba, kibamba cha nyuma kinashushwa, na hatimaye kulabu inachomolewa kwenye tundu lake. Mara nyingi inatoka imefunikwa na masizi yaliyogandamana na mafuta ya zamani. Hapo wengi hufurahi. Huifuta, huirudisha, hutangaza kwamba tatizo lilikuwa uchafu. Huenda ni kweli. Huenda pia uchafu ni jirani tu aliyekutwa kwenye eneo la tukio.

Shahidi wa kweli ni ganda. Hakimu mwema hamtazami mshitakiwa usoni na kukata shauri. Anaita waliokuwapo, na hapa aliyekuwapo ndani ya chemba wakati jambo linatendeka ni ganda peke yake. Liokote, lisogeze kwenye mwanga, geuza kitako. Ukiona ukingo umenyofolewa au umekunjwa, basi jino liliuma na kuvuta kwa nguvu zake zote, ila ganda lilikuwa limeng'ang'ania ndani. Kulabu imesafishwa na tuhuma. Sasa ichunguzwe chemba, kama ina masizi, kutu au mikwaruzo, na zichunguzwe risasi zenyewe, kama shinikizo lake limepita kiasi. Ukiona ukingo ni mzima, hauna hata alama, basi jino liliteleza au halikuuma kabisa, na hapo ndipo mashaka yanapoirudia kulabu: jino limelika, upinde umelegea, au takataka zimejaa chini yake na kulizuia lisishuke. Mikwaruzo ya urefu kwenye shaba ya ganda inaisema chemba. Na kama ganda limetoka kwenye chemba lakini limebanwa na slaidi likiwa limesimama wima kwenye dirisha la kutokea maganda, hiyo ni kesi nyingine: limevutwa vizuri, limeshindwa kurushwa.

Shahidi huyo anahitaji kuulizwa mbali na wanaomsaidia. Bastola ikiwa na magazini iliyojaa, risasi inayofuata hukaa chini ya ganda tupu na kulishikilia kwa chini wakati linaporudi nyuma. Kulabu dhaifu inaweza kujificha kwa msaada huo kwa muda mrefu. Ndiyo sababu mafundi wa M1911 hufanya jaribio moja rahisi: risasi inaingizwa chemba kutoka magazini, magazini inaondolewa, kisha inapigwa risasi hiyo moja, kwenye uwanja halali na kwa kulenga shabaha. Ganda likiruka mbali na kwa nguvu, kulabu inajitosheleza. Likidondoka ndani na kutokea kwenye tundu la magazini, siri imefichuka. Mezani nako kuna jaribio lake. Slaidi ikiwa mkononi bila fremu, risasi ya bandia, isiyo na fataki wala baruti, inatelezeshwa chini ya jino na slaidi inatikiswa kidogo. Ikibaki ilipo, upinde unatosha. Ikianguka, kulabu inatolewa, inaongezwa upinde kidogo sana, inajaribiwa tena. Anayetaka kumaliza kwa mkunjo mmoja huivunja, au huizidisha na kujitengenezea ugonjwa wa pili.

Tuseme sasa tumethibitisha: upinde umelegea. Je, kesi imekwisha? Hapa ndipo wengi hufunga jalada, na hapa ndipo penye utajiri. Kulabu haikulegea yenyewe. Kuna viwanda vilivyoitengeneza kwa chuma hafifu ili kupunguza gharama, kisichoweza kukumbuka upinde wake. Na kuna mazoea yanayoiua pole pole: mtu anadondosha risasi moja kwa mkono ndani ya chemba, kisha anaiachia slaidi ijifunge juu yake. Kulabu ya M1911 imeundwa kupokea risasi ikipanda kutoka chini, kutoka magazini, ikiteleza taratibu na kuingia chini ya jino. Ikidondoshwa kwa mkono, jino linalazimika kuupanda ukingo kwa kishindo na kuuruka. Mara moja halionekani lolote. Mara nyingi, chuma kinachoka. Anayefanya hivyo anaokoa sekunde chache, na deni lake analipa mtu mwingine. Bastola hizi huishi kuliko wenyewe. Anayelaumiwa leo kwa kiganja kilegevu huenda amerithi haraka ya mtu aliyeiuza zamani na kwenda zake.

Ndiyo maana fundi makini hugusa kitu kimoja kwa wakati mmoja. Mwenye pupa hubadilisha kulabu, springi, magazini na aina ya risasi kwa mkupuo. Bastola ikipona, hajui kilichoiponya. Ikiugua tena, anaanza upya akiwa na pesa pungufu. Fundi makini hutia namba kwenye magazini zake ili ajue ni ipi iliyokuwamo bastola ilipokwama, huweka maganda ya kila aina ya risasi kando, habadilishi la pili kabla la kwanza halijatoa jibu. Huo ni uvumilivu, lakini pia ni uadilifu: hataki kumwadhibu asiyehusika.

Gharama ya kukosa uadilifu huo iliwahi kuhesabiwa kwa maiti. Katikati ya miaka ya 1960, Marekani ilipeleka Vietnam bunduki mpya, M16, iliyotokana na kazi ya mbunifu Eugene Stoner. Mara askari wakaanza kulalamika: ganda linang'ang'ania chemba baada ya risasi kupigwa, katikati ya mapambano. Njia ya kulitoa ilikuwa kuingiza fimbo ya kusafishia kupitia mdomo wa mtutu na kulisukuma nyuma, jambo ambalo babu zao wenye magobore wangelitambua, huku adui akiwapiga. Wengine walikutwa wamekufa, bunduki zikiwa zimefunguliwa kando yao. Jibu la kwanza walilopata kutoka juu ni lilelile la uwanja wa shabaha: hamsafishi silaha zenu.

Kamati ndogo ya Bunge la Marekani, chini ya mwenyekiti Richard Ichord, ililichunguza suala hilo mwaka 1967, na ushahidi ulipanda ngazi. Baruti ya risasi zile ilikuwa imebadilishwa ikawa ya aina tofauti na ile ambayo bunduki ilibuniwa nayo. Aina mpya iliacha masizi zaidi na kuiendesha bunduki kwa kasi zaidi. Chemba haikupakwa kromu, hivyo katika unyevu wa misitu ile ilishika kutu na kulikamata ganda. Na silaha ilikuwa imesambazwa pamoja na uvumi kwamba haihitaji kusafishwa sana, kiasi kwamba vifaa vya kusafishia havikutosha. Askari alikuwa analaumiwa kwa kutotumia kitu ambacho hakupewa. Kamati haikumung'unya maneno: ilisema uzembe wa wakubwa waliokuwa na mamlaka ya kurekebisha kasoro za risasi unakaribia kuwa jinai. Baadaye chemba zikapakwa kromu, vifaa vikasambazwa, hata mchoraji mashuhuri wa katuni, Will Eisner, akapewa kazi ya kuchora kijitabu cha kuwafundisha askari kuitunza bunduki. Malalamiko yakapungua. Mikono iliyokuwa ikilaumiwa ilikuwa ileile.

Mpaka hapo ningeweza kuhitimisha kwamba tukisaka chanzo kwa subira, chombo kitafanya kazi na haki itatendeka. Lakini chombo tunachokizungumzia si cherehani. Kukifanya kisikwame ni kukifanya kiue bila kusita, na mwandishi anayekwepa jambo hilo naye anahukumu bila kusikiliza shahidi.

Tarehe 28 Juni 1914, jijini Sarajevo, Gavrilo Princip alimpiga risasi Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha enzi cha Austria na Hungaria, pamoja na mkewe Sophie. Asubuhi ileile bomu la mwenzake lilikuwa limeshindwa kumpata mlengwa. Bastola haikushindwa. Ilikuwa FN ya muundo wa 1910, nayo kazi ya Browning, iliyotengenezwa Herstal, karibu na Liège, Ubelgiji. Ganda la kwanza lilitoka, risasi ya pili ikapanda, kama mbunifu alivyokusudia. Wiki chache baadaye, mapema Agosti, jeshi la Ujerumani lilikuwa linaishambulia Liège yenyewe. Novemba mwaka huohuo Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa vimefika Tanga. Kabla havijakwisha mwaka 1918, wapagazi wa Afrika Mashariki walikuwa wamekufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na njaa, wakiwa wamebeba mizigo ya majeshi ya wageni, na wengi wao hawakuwahi kulisikia jina la Sarajevo.

Sisemi bastola moja ndiyo iliyoleta vita hivyo. Kusema hivyo ni kurudia kosa lilelile la kumshika mwenye ngozi. Mataifa yaliyokuwa yamejiandaa kupigana, mikataba, tamaa ya makoloni, watawala waliotia sahihi amri za kuita majeshi: hao ndio waliokigeuza kifo cha watu wawili kuwa vifo vya mamilioni. Ninachosema ni kwamba kule Vietnam chuma kilikwama na watu wakafa. Kule Sarajevo chuma hakikukwama na watu wakafa. Ukiziweka kesi hizo mbili pamoja, unaona kwamba kulabu haina hatia wala thawabu. Inashika au haishiki. Uzuri na ubaya wa kazi yake huamuliwa mbali nayo, na watu ambao pengine hawajawahi kunusa baruti. Browning mwenyewe alifia Liège mwaka 1926, akiwa kazini kiwandani, mji uleule.

Wasomaji wengi wa makala haya hawatashika bastola maishani, na si jambo la kujutia. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, Kenya ina bodi yake ya leseni, na mwenye silaha halali inayosumbua anapaswa kuipeleka kwa fundi mwenye kibali badala ya kuipinda kulabu kwa koleo sebuleni. Lakini kuhukumu tunahukumu sote, kila siku. Basi likipinduka, tunamshika dereva na kumwacha aliyempangia safari zisizo na usingizi. Mgonjwa akifa, tunamfokea muuguzi wa zamu, hatumwulizi aliyeiacha stoo ya dawa bila kitu. Mtoto akifeli, tunatazama jina lake kwenye matokeo, hatutazami darasa lisilo na mwalimu wa hisabati.

Simtetei aliyeshika. Mara nyingine kiganja ni kilegevu kweli, dereva kweli amelewa, na ganda likiulizwa litasema hivyohivyo. Ninachotetea ni utaratibu: hakikisha kwanza hakuna hatari iliyobaki ndani, fungua, okota ushahidi, badilisha kitu kimoja kwa wakati, na ukimpata mkosaji wa kwanza usifunge jalada kabla hujauliza nani alimtengeneza hivyo. Anayetaka kujua kwa nini bastola imekwama aokote ganda. Anayetaka kujua kwa nini watu wamekufa awatafute waliotia sahihi.